Sampu ipimwe kwa saa ya giza

Umeme unapokatika Goba, Dar es Salaam, nyumba yenye tangi la matumbawe huchukua dakika chache tu kuonyesha ilijengwa vipi. Pampu inanyamaza. Maji yaliyokuwa yakipandishwa sebuleni hayana tena wa kuyasukuma, na yale yaliyozidi ukingo wa tangi la juu yanateremka kwa uzito wake kupitia mabomba hadi kwenye tangi la chini lililofichwa kabatini. Wafugaji huliita sampu. Kama sampu ina nafasi ya kuyapokea, hakuna kinachotokea. Kama haina, maji ya chumvi yanatambaa sakafuni hadi kwenye nyaya, na umeme ukirudi pampu inakuta kina kimepungua, inavuta hewa na kuungua.

Wanaotaka kuboresha sampu huanza na vifaa: skima ipi, taa ipi, pampu ya lita ngapi kwa saa. Kwa mtu wa Dar es Salaam naamini kazi inapaswa kuanzia kwingine. Aanze kwa kuuliza tangi lake litafanya nini katika saa ambayo hakuna kifaa hata kimoja kinachofanya kazi. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 ulitukumbusha sote jambo hilo. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, ulianza kuzalisha Februari 2024 na nafuu ikaonekana. Lakini nafuu ya gridi haizuii mti kuangukia waya wakati wa masika, haizuii transfoma ya mtaa kuungua, na haizuii LUKU kuisha saa nane za usiku wote mmelala.

Tuhesabu. Chukua tangi la kawaida la sebuleni: urefu sentimita 120, upana 50, kina 50. Likijaa lote ni lita 300, na kila sentimita moja ya maji kutoka juu ni lita 6. Mdomo wa bomba la kurudisha maji ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, pampu ikizimika bomba hilo linaanza kuvuta maji kinyume, kama mtu anavyohamisha petroli kwa mpira, na haliachi mpaka uso wa maji ushuke chini ya mdomo na hewa iingie. Hizo ni lita 30. Ongeza yaliyokuwa ndani ya mabomba na kwenye kisanduku cha kufurikia, tuseme lita 10. Jumla lita 40 zinashuka kwa mpigo.

Sampu ndogo ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambayo ndiyo wengi huanza nayo kwa sababu inaingia kirahisi kwenye kabati, hubeba lita 54 ikijaa pomoni. Ikiwa kazini na kina cha sentimita 20, tayari ina lita 36. Nafasi iliyobaki ni lita 18. Lita 22 zitakwenda sakafuni. Sasa ibadilishe kwa sampu ya 90 kwa 40 kwa 40: inabeba lita 144, ikifanya kazi kwa kina cha sentimita 22 ina lita 79, na nafasi inayobaki ni kama lita 65. Zile 40 zinaingia na bado kuna pa kupumulia. Huo ndio uboreshaji wa kwanza, wala hauhitaji kifaa chochote kutoka nje ya nchi. Unahitaji futi kamba na fundi wa vioo.

Pamoja na ukubwa, inua mdomo wa bomba la kurudisha maji uwe sentimita 1 au 2 tu chini ya uso, na toboa tundu dogo kwenye bomba karibu na usawa wa maji ili hewa iingie mapema. Maduka huuza valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, na wengi huitegemea hiyo peke yake. Katika maji ya chumvi valvu hiyo hushikwa na chokaa, konokono wadogo na nyuzi za mwani, ikawa haifungi tena sawasawa. Iweke ukipenda, lakini hesabu zako za lita zifanye kana kwamba haipo.

Sampu ina kazi nyingine nyingi zaidi ya kupokea mafuriko. Inaongeza ujazo wa maji yote, na maji mengi huchafuka polepole na hupata joto polepole. Inaficha vifaa ili sebuleni yaonekane mawe, matumbawe na samaki tu. Na ndani yake ndimo uchafu unamotolewa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki. Nitrati ina madhara madogo zaidi, lakini ikirundikana mwani wa kero hufunika kila kitu na matumbawe yanadhoofika. Ndani kabisa ya vinyweleo vya mawe, ambako hewa haifiki, bakteria wengine huivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni na kupaa zake.

Ndiyo maana vyumba vya sampu hupangwa kwa kufuata safari ya maji. Yanaposhuka hukutana kwanza na soksi ya kuchujia, inayonasa mabaki ya chakula na kinyesi. Soksi hiyo inatakiwa kufuliwa kila baada ya siku chache, kwa sababu ikiachwa uchafu unaoza humo humo na kuwa chanzo cha nitrati. Chumba cha pili ni cha skima. Humo hewa husagwa kuwa viputo vidogo sana, protini na mafuta yaliyoyeyuka hung'ang'ania kwenye ngozi ya viputo hivyo, povu linapanda shingoni mwa chombo na kuengua uchafu hadi kwenye kikombe kabla haujaoza. Skima inataka kina cha maji kisichobadilika, kwa hiyo chumba chake kinapaswa kuzungushiwa ukuta wa kioo wenye urefu maalumu. Anayeitumbukiza kwenye chumba cha pampu, ambako maji hupanda na kushuka kila siku, atakuta siku moja kikombe kimejaa maji na siku nyingine kikavu.

Chumba cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote: bustani ya mwani. Wakulima wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, wanajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba mwani hautiliwi mbolea. Unakula kilichomo majini. Hapo sampuni unafanya kazi hiyo hiyo. Taa ndogo ikiwaka usiku wakati ya juu imezimwa, mwani unanyonya nitrati na fosfeti na kutoa oksijeni katika saa ambazo tangi la juu linaitumia bila kuizalisha. Katikati ya mwani wanazaliana wadudu wadogo wa majini, ambao pampu huwapandisha juu wakawa chakula cha samaki. Mwani wa nyuzi uliofumana kama tonge la uzi ndio bora, maana haujishikizi kwenye kioo na huvunwa kwa mkono. Chumba cha mwisho ni cha pampu, na kati yake na mwani hukaa vioo vitatu vilivyopishana juu na chini ili viputo vipande na kupasuka kabla ya kurudi sebuleni.

Fundi wa vioo atakuuliza kwanza unatengeneza kabati gani. Mweleze mapema kuwa ni chombo cha maji, vioo viwe vya milimita 8, kingo zipigwe msasa, na silikoni iwe halisi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa inayoua ukungu haitawahurumia kamba wala matumbawe. Pima pia mlango wa kabati kabla kioo hakijakatwa: sampu ya sentimita 40 haipiti kwenye mlango wa 38. Ikishagundishwa ikae wiki nzima ikauke, kisha ijazwe maji ya bomba ikiwa juu ya kipande cha stairofomu, sakafu ikiwa imenyooka, na iachwe siku mbili huku magazeti makavu yakiwa yametandikwa chini yake. Gazeti lenye unyevu litasema palipo na tatizo.

Mabomba ya PVC, elbo, tii na soketi zake hupatikana Goba penyewe na Mbezi Mwisho. Vya adimu hufuatwa Kariakoo. Kinachohitaji macho ni koki. Duka la vifaa vya ujenzi hutoa koki ya shaba kwa mazoea, kwa sababu ni imara na ndiyo inayofungwa kwenye nyumba. Katika maji ya bahari shaba huliwa taratibu, na kiasi kidogo sana cha shaba kilichoyeyuka huua kamba, konokono na matumbawe huku samaki wakiendelea kuogelea kana kwamba kuna amani. Kila kinachogusa maji kiwe cha plastiki, pamoja na vibanio na skrubu.

Bomba la kushusha maji liwe zaidi ya moja. Mpango mzuri ni wa mawili: la kwanza limejaa maji wakati wote na linadhibitiwa kwa valvu, hivyo halipigi kelele za kugugumia, la pili limesimama juu kidogo likiwa kavu, likisubiri siku konokono atakapoingia kwenye la kwanza na kuliziba. Waya za umeme zishuke kwanza chini kuliko soketi ndipo zipande kwenda kuchomekwa, ili tone linalofuata waya lianguke sakafuni. Sakiti breka ya kukata umeme unapovuja ni lazima. Hapa sina mjadala.

Sasa maji yenyewe. Kinachopotea kwa mvuke ni maji matupu; chumvi inabaki. Kwa joto letu, lita 4 au 5 kwa siku si jambo la ajabu kwa tangi la ukubwa huu, na yasipofidiwa chumvi inapanda. Maji ya kufidia lazima yasiwe na chumvi wala dawa, na hapa Goba ina changamoto zake. Maji ya DAWASA yanayotoka Ruvu yana klorini, kama inavyotakiwa kwa usalama wetu. Visima vingi vina chumvi, na vilivyo karibu na vyoo vya shimo huwa na nitrati, yaani kile kile unachohangaika kukitoa. Kisima chenye gramu 1 ya chumvi na madini kwa kila lita, ukikitumia lita 5 kwa siku, kinaingiza gramu 150 kwa mwezi. Kwa hiyo mashine ya RO ya kuchuja maji si anasa. Wanaouza maji ya kunywa kwa madumu mitaani wengi wanayo, na kipimo kidogo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka, kitakuambia kama unachonunua kinafaa.

Kwa kuyaingiza, kila nyumba yenye simtanki tayari inakijua kifaa kinachotakiwa: koki ya boya. Boya dogo la plastiki kwenye chumba cha pampu, dumu la lita 20 limeinuliwa juu yake, mpira mwembamba katikati. Maji yakishuka boya linafungua, yakipanda linafunga, bila umeme wowote. Usiliunge moja kwa moja kwenye simtanki. Boya likikwama, dumu la lita 20 likimwagikia mfumo wa lita 350 linashusha chumvi kutoka gramu 35 kwa lita hadi 33 hivi, na wanyama wanavumilia. Simtanki la lita 1,000 litaua kila kitu na kulowesha nyumba.

Maji ya chumvi tumejaliwa. Wenzetu walio mbali na bahari hununua chumvi ya mifuko kwa bei kubwa. Sisi tuna Kunduchi na Ununio, na kirikuu yenye madumu hurudi Goba kwa barabara ya Tangi Bovu au ya Wazo bila safari ndefu. Lakini bahari ina wakati wake. Chota maji ya bamvua yakiwa yamejaa, wakati maji safi ya kina yamesukumwa hadi pwani. Yakipwa unachota mchanga na taka. Kaa mbali na midomo ya mito, na masika usichote kabisa, kwa sababu mvua inateremsha kila kilicholala kwenye mifereji ya jiji. Pima kwa rifraktomita: 35 ndiyo namba. Chuja kwa kitambaa kizito, funika pipa lisipate mwanga, puliza hewa ndani kwa siku kadhaa ndipo uyatumie.

Nafarijika nikikumbuka kwamba ufugaji wa matumbawe nyumbani ulipiga hatua yake kubwa katika jiji linalofanana na letu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza katika jarida la wafugaji la Marekani jinsi alivyotunza matumbawe kwa maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai na viputo vya hewa, bila mitambo. Wazungu wa maeneo ya baridi, walio mbali na bahari, walihangaika kumuiga. Baadaye ukaja mfumo wa Waholanzi wa kunyunyizia maji juu ya vichujio vikavu, ambao George Smit aliueneza Marekani kwa makala zake za mwaka 1986, na Wajerumani, akiwamo Peter Wilkens, wakasisitiza mawe hai na skima yenye nguvu. Kila kizazi kiliongeza mashine. Kwa Goba mimi namfuata Lee: mawe mengi, maji mengi, mwani, na skima moja nzuri. Kila kifaa kinachoongezwa ni kitu kingine kitakachozimika umeme ukikatika.

Joto ndilo adui yetu mkubwa. Matumbawe huishi kwa ushirika na mwani mdogo sana ndani ya nyama yake; joto likizidi kwa siku nyingi huufukuza, yakapauka na kufa njaa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika miamba mingi ya pwani yetu, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Feni ndogo inayopuliza uso wa sampu hushusha joto nyuzi 2 au 3 kwa gharama ndogo ya umeme, ili mradi dumu la maji ya kufidia lisikauke. Sampu pana ina uso mpana, na hiyo ni sababu nyingine ya kuikuza.

Maji ya moto pia hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 28, maji ya bahari yaliyoshiba hewa yana kama miligramu 6.4 tu kwa lita, na samaki waliojazana huimaliza haraka maji yakisimama. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ya asidi usiitumie kupita nusu, yaani 600. Pampu ya kurudisha maji ya wati 40 itakwenda saa 15, kabla ya hasara ya inveta. Pampu ndogo ya volti 12 inayotikisa maji ya tangi la juu kwa wati 15 itakwenda saa 40. Ningechagua hiyo ya pili bila kusita: sampu inaweza kulala, uso wa maji sebuleni ukiendelea kupumua.

Niseme na hili kwa uzito wote. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inavilinda. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe pori. Mwamba wa Mbudya umeshapigwa baruti na joto. Hauna jiwe la ziada kwa ajili ya sebule ya mtu. Mawe ya tangi tunayo nchi kavu: ukanda wa Wazo hadi Boko umejaa chokaa iliyokuwa mwamba wa matumbawe zama za kale, nyepesi na yenye vinyweleo. Yasuguliwe, yalowekwe kwa wiki kadhaa huku maji yakibadilishwa, kisha yapandwe bakteria kwa sponji iliyokomaa kutoka tangi la mfugaji mwenzako. Matumbawe yenyewe hukatwa vipande vikakua. Mfugaji mwenye tangi lililostawi hugawa.

Siku ya kuhamia sampu mpya, andaa maji mapya ya chumvi lita 60 au zaidi yakiwa na joto lile lile. Zima, chota maji ya sampu ya zamani kwenye ndoo, toa mawe na mwani na uviweke humo vikiwa vimezama, maana bakteria wake ndio mtaji wako na maji ya bomba yenye klorini yatawaua. Mchanga wa zamani ulioshika matope utupwe. Ukitikiswa hutoa sumu. Sampu mpya ikikaa na mabomba yakiungwa, jaza, washa, subiri kina kitulie, kisha zima makusudi na utazame maji yanaposimama. Chora mstari kwa kalamu isiyofutika kwenye kina cha kawaida. Mtu yeyote wa nyumbani asiongeze maji kupita mstari huo hata mkiwa safarini.

Skima mpya haitatoa povu la maana kwa siku kadhaa, mpaka mafuta ya kiwandani yaitoke. Wiki mbili za kwanza pima amonia mara kwa mara na upunguze chakula. Samaki hawatakufa njaa. Mwani ukijaza nusu ya chumba chake, vuna theluthi. Usiumwage mtoni wala baharini, maana huenda haukutoka kwenye maji yetu. Usuuze chumvi, uanike, kisha uchanganye kwenye mboji ya migomba. Maji ya chumvi unayobadilisha yapite kwenye karo, mbali na mizizi ya mti wowote unaoupenda.